Vassilis Tsitsanis: fundi wa bouzouki ambaye nyimbo zake kubwa zilizaliwa studio zikiwa zimefungwa

Nyuzi Sita (mleta uzi)

Wakuu, uzi ni mrefu. Mwenye haraka auhifadhi, atausoma akitulia.

Nataka tumzungumzie Vassilis Tsitsanis wa Ugiriki, mpiga bouzouki na mtunzi, aliyezaliwa mji wa Trikala tarehe 18 Januari 1915 na kufariki London tarehe 18 Januari 1984, siku aliyotimiza miaka 69. Wengi wanaomfahamu humsifia vidole. Vidole alikuwa navyo, hilo halina ubishi. Lakini mimi nashikilia kwamba ukubwa wake uko kwingine: sehemu kubwa ya nyimbo zake bora alizitunga kati ya 1941 na 1946, wakati Ugiriki nzima haikuwa na mahali pa kurekodi. Nyimbo zile ziliishi midomoni mwa watu miaka kadhaa kabla ya kuingia kwenye santuri. Wimbo ambao watu hawakuutaka ulijifia wenyewe. Uliobaki ulikuwa umeshapita mtihani ambao hakuna mzalishaji wa muziki anayeweza kuutunga.

Kwanza chombo chenyewe. Bouzouki ina shingo ndefu, nyembamba, yenye vyuma kama gitaa, na tumbo la mviringo lililoungwa kwa vipande vyembamba vya mbao kama la udi, ila dogo zaidi. Ile ya zamani, aliyokulia Tsitsanis, ina nyuzi sita zilizofungwa jozi tatu, kwa sauti za re, la, re. Mpigaji hutembea sana juu na chini ya shingo akiwa kwenye jozi ileile, ndiyo maana sauti yake huteleza na kulia. Kuna na mdogo wake, baglamas, kadogo kiasi cha kufichwa ndani ya koti. Na kulikuwa na sababu ya kukificha. Miaka ya 1920 na 1930 vyombo hivi vilikuwa vya magerezani, bandarini na kwenye vijiwe vya hashishi. Familia inayojiheshimu haikutaka kusikia kijana wao anapiga bouzouki.

Ili kuelewa hilo inabidi turudi 1922. Ugiriki ilishindwa vita na Waturuki huko Anatolia, mji wa Smyrna ukaungua, na mwaka uliofuata mkataba wa kubadilishana watu ukawalazimisha Waorthodoksi zaidi ya milioni moja kuhamia Ugiriki, nchi ambayo wakati huo haikufika hata watu milioni sita. Wengi waliishia kwenye vibanda pembeni mwa Athens na bandari yake, Piraeus. Walikuja na udi, kanuni, violini na uimbaji wao. Pale bandarini muziki wao ukakutana na bouzouki za wenyeji wa vijiweni, na kutokana na mkutano huo ndipo ikakua rebetiko, muziki wa watu wasio na chao. Mwaka 1934 pale Piraeus wanne wakaunda kundi: Markos Vamvakaris, Giorgos Batis, Stratos Pagioumtzis na Anestis Delias. Markos ndiye baba wa wote. Delias, kijana mwenye kipaji kikubwa, alikufa kwa heroini 1944.

Tsitsanis hakutoka huko. Baba yake alikuwa fundi wa viatu vya ngozi vya kienyeji, na nyumbani alikuwa na mandola ya Kitaliano aliyoipigia nyimbo za wapiganaji wa zamani wa milimani. Watoto hawakuruhusiwa kuigusa. Mzee alifariki Vassilis akiwa bado mtoto, na ile mandola ikapelekwa kwa fundi, ikabadilishwa shingo, ikawa bouzouki. Shuleni alijifunza violini. Kwa hiyo alipofika Athens 1936, kijana wa miaka 21 aliyekuja kusoma sheria, alikuwa anajua nyimbo za milimani za baba yake, nyimbo za kanisani na mazoezi ya violini, na bouzouki alikuwa ameijulia mkoani, mbali na moshi wa Piraeus. Ukisikiliza anavyopiga unayasikia yote hayo. Markos anapiga kama mtu anayepasua kuni, mzito, mapigo machache, kila moja lina uzito wake. Tsitsanis anapiga kwa mstari mrefu kama mpiga violini, sauti moja inaikabidhi nyingine, na hapotezi pigo hata moja.

Sheria hakuisoma. Mwimbaji Dimitris Perdikopoulos alimsikia, akampeleka kampuni ya santuri ya Odeon. Na mwaka huohuo, tarehe 4 Agosti 1936, Jenerali Metaxas akatwaa madaraka. Udhibiti ukaanza: kabla ya kurekodi, maneno na muziki lazima vipite kwa maofisa. Nyimbo za hashishi zikapigwa stop. Uimbaji wa kuvuta sauti kwa huzuni, uliokuja na wakimbizi, ukahesabiwa kuwa wa Kituruki, nao ukafungiwa. Wakongwe wengi walishindwa kujigeuza. Tsitsanis akaanza kutunga mapenzi, umaskini na kutengana, kwa maneno ambayo ofisa hakupata pa kuyashika. "Archontissa" ya 1938 ni ya wakati huo.

Halafu jeshi likamchukua, akapelekwa Thessaloniki kwenye kikosi cha telegrafu. Baadaye vita. Wajerumani waliingia Thessaloniki tarehe 9 Aprili 1941, na Tsitsanis akaishi humo muda wote wa ukaliaji wa Wajerumani. Alifungua kilabu kidogo cha pombe mtaa wa Pavlou Mela namba 22, kikajulikana kwa jina lake tu: Ouzeri ya Tsitsanis. Humo alioa, na msimamizi wake wa ndoa alikuwa Nikolaos Mouschountis, mkubwa wa polisi wa mji, mtu aliyependa bouzouki kwelikweli. Ukifikiria polisi walivyokuwa wakiviwinda vyombo hivi Athens, utaelewa kwa nini wapigaji wengi walipata pumzi Thessaloniki.

Lakini tusiupake rangi wakati ule. Majira ya baridi ya 1941 kuingia 1942 Wagiriki walikufa kwa njaa kwa makumi ya maelfu. Kuanzia tarehe 15 Machi 1943 treni zilianza kuondoka Thessaloniki zikiwa na Wayahudi wa mji ule kwenda Auschwitz. Walikuwa karibu 50,000, jamii iliyoishi humo zaidi ya miaka 400 ikizungumza Kihispania cha mababu zao. Karibu wote hawakurudi. Usiku kulikuwa na amri ya kutotoka nje. Kiwanda cha santuri cha Columbia kule Athens, ambacho kilikuwa kikitoa santuri za nchi nzima, kilikuwa kimesimama. Na katika chumba kile kidogo mtu huyu alikuwa anatunga mfululizo.

Kiwanda kilipofunguliwa tena 1946, alirudi Athens na hazina ya nyimbo ambazo watu walikuwa wameshazijua. "Bachtse Tsifliki", wimbo wa kutembelea viunga vya bahari vya Thessaloniki, ulirekodiwa mwaka huo. Na mwaka 1948 ukaja ule unaojulikana kuliko yote, "Synnefiasmeni Kyriaki", yaani Jumapili ya mawingu.

Naomba nikae kidogo kwenye santuri hii. Ni dakika tatu na kitu, kwa sababu upande mmoja wa santuri ya zamani haukuchukua zaidi. Inaanza bouzouki peke yake na sentensi moja inayopanda kisha inashuka ngazi kwa ngazi, haina pambo. Mapigo ni tisa, ya zeibekiko, mtindo wa ngoma wa Kigiriki: mbili, mbili, mbili, halafu tatu za mwisho ambazo hukaa nyuma kidogo, kana kwamba mtu amejikwaa akajishika. Kisha anaingia Prodromos Tsaousakis, sauti nene ya kiume isiyobembeleza, na Sotiria Bellou anamfuata kwa sauti ya pili, kavu na iliyonyooka. Anayeimba anaiambia Jumapili kwamba inafanana na moyo wake, daima una mawingu. Hakuna neno la vita ndani yake. Hakuna Mjerumani, hakuna maiti. Tsitsanis mwenyewe alisema wimbo ulitokana na mambo ya siku za ukaliaji, na aliyeishi siku hizo hakuhitaji kuelezwa. Wagiriki wengi husema mwendo wa sauti zake unafanana na utenzi wa kanisani wa kumsifu Bikira Maria, ule unaoimbwa wakati wa Kwaresima. Sikiliza vyote viwili ujionee.

Nitaendelea na miaka ya baadaye. Wenye maswali karibuni.

Bint Mlandege

Ahsante mleta uzi. Nimesikiliza mbili tatu tangu asubuhi na kuna kitu kimenigusa. Ile sehemu ya mwanzo ambapo bouzouki inacheza peke yake bila mapigo, inazunguka kabla ya wimbo kuingia, kwetu kwenye taarabu tunaiita taksimu. Na nimeona wanataja Rasti na Hijazi. Ni yaleyale?

Nyuzi Sita

Dada, umegusa penyewe. Wao huita taximi, ni neno lilelile lililopita kwa Waturuki. Ngazi za sauti huziita njia, na majina yake ni Rast, Hitzaz, Ousak, Houzam, Niavent. Kwenu Unguja maqamu yalikuja na udi na kanuni kupitia Misri, kwao kupitia Istanbul na Smyrna. Chemchemi ni moja. Tofauti ni kwamba bouzouki ina vyuma shingoni, kwa hiyo zile sauti za katikati, robo na kasoro robo, ambazo mpiga udi au violini wa taarabu anazipata kwa kidole, mpiga bouzouki hana. Inambidi azizungukie kwa kuvuta uzi au kwa kuteleza. Ndiyo maana Rast ya Piraeus ukiisikia si Rasti kamili ya Kiarabu, imeshanyooshwa kuelekea gitaa. Tsitsanis alikwenda mbali zaidi: aliweka sauti ya pili juu ya wimbo, akatumia mpangilio wa sauti wa Kizungu chini yake, na bado wimbo haukupoteza asili.

Gitaa Kavu

Mkuu, uzi mzuri ila umempendelea mtu wako. Markos ameandikwa mistari miwili, wakati bila Markos hakuna Tsitsanis. Halafu hilo la udhibiti umelipamba. Ukweli ni kwamba Metaxas alitaka muziki usio na harufu ya kijiweni, Tsitsanis akampa. Wenzake walikosa kazi, yeye akapanda.

Nyuzi Sita

Hoja yako ina uzito na sitaikwepa. Markos ndiye aliyeipa bouzouki nafasi ya kudumu mbele ya kipaza sauti kule Ugiriki, kuanzia mwaka 1933, na Tsitsanis alikua akizisikiliza santuri zile. Pia ni kweli Markos alipata dhiki sana baada ya vita, mikono ikamsumbua, kazi zikakata, hadi miaka ya 1960 alipokumbukwa tena.

Lakini kusema Tsitsanis alimpa Metaxas alichotaka, hapo nakataa. Mtawala alitaka wimbo mwepesi wa Kizungu, tango na valsi. Hakutaka bouzouki kabisa. Tsitsanis alichofanya ni kuiingiza bouzouki na zeibekiko katika nyumba ambazo zisingemfungulia mlango mvuta hashishi. Tena angalia 1947, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto: alirekodi "Kapoia mana anastenazei", mama anayeshusha pumzi kwa huzuni akimsubiri mwanawe. Mwana yuko upande gani, wimbo hausemi. Mama wa mwanajeshi wa serikali aliusikia kuwa wake, na mama wa mpiganaji wa milimani vilevile. Aliyeuimba ni Stella Haskil, Myahudi wa Thessaloniki aliyenusurika. Alifariki 1954 akiwa bado kijana. Mimi siwezi kuisikiliza sauti yake bila kukumbuka mji aliotoka.

Nikubali jambo moja linalomtia doa. Mwishoni mwa 1948, Bellou akiwa anaimba katika kundi la Tsitsanis kwenye ukumbi wa Jimmy Mnene, Athens, wafuasi wa kundi la siasa kali la wapenda mfalme walimtaka aimbe wimbo wao. Bellou, aliyewahi kukamatwa na kuteswa kwa kupinga Wajerumani, akakataa. Wakampiga palepale. Husimuliwa kwamba kilichomuuma zaidi ni kuona wanaume wa jukwaani hawakuinuka. Aliondoka. Ilipita miaka mingi, kisha wakaja kupanda jukwaa moja tena wakiwa watu wazima.

Gitaa Kavu

Sawa, hapo umenyooka. Endelea.

Nyuzi Sita

Baada ya Bellou akaja Marika Ninou, binti wa wakimbizi wa Kiarmenia aliyeanzia kwenye sarakasi na mumewe. Kabla yake waimbaji wa kike walikaa kwenye kiti katikati ya wapigaji. Ninou alisimama, akasogea mbele, akacheza na ukumbi. Yeye na Tsitsanis walilijaza lile jumba la Jimmy usiku baada ya usiku. Kuna rekodi moja ya mwaka 1955 iliyochukuliwa humo ukumbini na mtu asiye wa studio. Sauti ni mbaya, inakwaruza, ila unamsikia Ninou akizungumza na watu, unaisikia bouzouki ikimjibu katikati ya sentensi, na unaelewa kitu ambacho santuri za dakika tatu hazikuweza kukibeba. Saratani ilimchukua Februari 1957.

Mwaka 1949 mtunzi kijana Manos Hadjidakis, mtu wa piano, alitoa mhadhara katika Theatro Technis ya Athens akiwaambia wasomi kwamba rebetiko ni sanaa kubwa, na akawapandisha Markos na Bellou jukwaani. Ilikuwa kashfa. Lakini 1960 Mikis Theodorakis alipoliweka shairi la Yannis Ritsos kwenye muziki na kumpa mpiga bouzouki Manolis Chiotis aongoze, mjadala ulikuwa umekwisha. Chombo cha gerezani kikawa cha taifa. Chiotis huyo ndiye anayetajwa kuongeza jozi ya nne ya nyuzi na kuifunga bouzouki kwa sauti zinazokaribia za gitaa, akaweza kupiga kwa kasi ambayo Tsitsanis hakuitafuta. Anastahili uzi wake.

Mkwezi wa Pangani

Wakuu mimi nina swali la haki za watunzi. Nimesoma mahali kwamba baadhi ya maneno ya nyimbo zake si yake. Hili likoje? Maana huku kwetu nalo lipo sana, mtu anauza shairi, jina linabaki la mwenye bendi.

Nyuzi Sita

Lipo, ndugu yangu. Kuna mama mmoja, Eftychia Papagiannopoulou, mkimbizi wa 1922 kutoka Anatolia, mwigizaji wa zamani, aliyeanza kuandika maneno ya nyimbo akiwa ameshavuka miaka 50. Alikuwa na kipaji cha ajabu na ugonjwa wa kamari. Aliwauzia watunzi wengi mashairi kwa fedha ya papo hapo bila kudai jina, na Tsitsanis ni mmoja wa waliofanya naye kazi. "Ta kavourakia", ule wimbo wa kaa wadogo wanaolia ufukweni wakimsubiri mama yao, unahesabiwa kuwa na mkono wake. Hata maneno ya "Synnefiasmeni Kyriaki" yana mdai, Alekos Gouveris, mtu wa Trikala kama Tsitsanis. Muziki ni wa Tsitsanis, hapo hakuna anayebisha. Kwa upande wa maneno, mimi naona Eftychia alidhulumiwa na biashara nzima, na kupenda kwangu bouzouki ya Tsitsanis hakunifanyi nilifiche hilo.

Bint Mlandege

Na nyimbo za Kihindi? Mwanamuziki mmoja wa Kigiriki nilimsikia akisema kuna wakati Ugiriki yote ilikuwa inaimba sinema za Bombay. Kama Mombasa na Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu.

Nyuzi Sita

Kweli kabisa dada. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na miaka ya 1960 sinema za Kihindi zilijaa kwenye majumba ya sinema ya Ugiriki, na watunzi kadhaa wakachukua nyimbo zake, wakabadilisha maneno, wakasajili kwa majina yao. Tsitsanis alichukizwa na akasema hadharani. Tofauti na Juma Bhalo ni kwamba msikilizaji wa Mombasa alijua sauti imetoka kwenye sinema gani, na hiyo ilikuwa sehemu ya raha yake, wakati kule wengine waliuziwa kama utunzi mpya. Hasira ya Tsitsanis naielewa: kazi yake ilianza kupungua wakati huohuo.

Alirudi kileleni katika miaka ya 1970, vijana waliokuwa wakipinga utawala wa kijeshi wa 1967 hadi 1974 walipoanza kuzitafuta nyimbo za wazee. Alikuwa akipiga Harama, ukumbi wa Kaisariani, Athens, kando ya uwanja wa shabaha ambapo Wajerumani waliwapiga risasi wafungwa 200 tarehe 1 Mei 1944. Bellou alikuwa naye huko. Mwaka 1975 alitoa "Tis Gerakinas gios", wimbo wa mtu anayeteswa na asiyevunjika, na safari hii hakuficha chochote. Mwaka 1980 UNESCO iliandaa rekodi yake ya santuri mbili, ikaitwa Harama, humo kuna taximi ndefu ambazo studio za zamani hazikumpa nafasi ya kuzipiga. Ilipotoka Ufaransa 1985, ikapata tuzo ya Chuo cha Charles Cros. Yeye alikuwa ameshakufa, baada ya upasuaji wa pafu katika hospitali ya Royal Brompton. Mwili ulirudishwa Athens.

Mkwezi wa Pangani

Mtu akitaka kuanza, aanzie wapi?

Nyuzi Sita

Anza na "Synnefiasmeni Kyriaki" ya 1948, ya Tsaousakis na Bellou. Imeimbwa upya na watu wengi sana baadaye, kwa hiyo hakikisha unayoipata ni ile ya zamani yenye mkwaruzo. Kisha "Archontissa", usikilize alivyokuwa kabla ya vita. Kisha Stella Haskil. Ile rekodi ya ukumbini na Ninou iache hadi umezoea sauti ya bouzouki, vinginevyo utasikia kelele tu. Harama iwe ya mwisho, uisikilize usiku, kwa spika, si kwa simu.

Na atakayefika Ugiriki, mji wa Trikala una makumbusho yake, yalifunguliwa 2017 ndani ya jengo lililokuwa gereza, na chini ya gereza kuna hamamu ya enzi za Waturuki unayoweza kushuka kuiona. Bint Mlandege, ukipata mpiga udi wa kujaribu naye "Archontissa", tuwekee sauti hapa.